Dreamliner, 777 Ama A330? Kabla Ulipie Tiketi Za Watoi, Hesabu Viti Kwanza

Tiketi nne za kwenda majuu na kurudi si doh ya kucheza nayo. Kuna familia hapa Nairobi zimekopa sacco, zimechangisha kwa grupu za WhatsApp, zingine zimeuza kaploti ka Kitengela, yote ndiyo mathe, mzae na watoi wawili wafike Minnesota kwa harusi ya anti. Na ukisikiliza maswali yenye wasee huuliza wakinunua hizo tiketi, yanakuanga mawili tu: ni ngapi, na tunabadilisha ndege wapi?

Swali la tatu haliulizwi. Ni ndege gani?

Na hilo ndilo swali litakusumbua ukiwa hewani saa 15, mtoi amelala kwa mkono wako wa kushoto, jirani amechukua mahali pa kuweka mkono wa kulia, na bado mko juu ya Atlantiki. Saa 15 ndizo Dreamliner ya Kenya Airways hutumia kutoka JKIA mpaka JFK, New York, tangu safari hiyo ianze Oktoba 28, 2018. Kurudi ni kama saa 14. Hizo ni saa nyingi kuliko Nairobi mpaka Mombasa kwa basi.

Wengi wetu tumeshikilia wazo moja kwamba ndege ikiwa kubwa, nafasi pia ni kubwa. Ukiona 777 imesimama pale JKIA, injini zake zimenona kama nyumba, unasema hapo ndipo familia itatulia. Lakini hesabu inasema kitu kingine kabisa.

Chukua upana wa ndani wa kila ndege, kutoka ukuta mpaka ukuta. Boeing 777 iko na mita 5.86. Airbus A350 ni 5.61. Dreamliner, yaani 787, ni 5.49. Airbus A330 ndiyo nyembamba hapo, 5.28. Sasa gawanya na idadi ya viti vyenye huwekwa kwa safu moja ya ekonomi. 777 za siku hizi ni viti 10, kwa hivyo kila abiria anapata kama sentimita 58 na nusu, ukihesabu na njia za kupita. 787 na A350 ni viti 9, inakuwa 61 kwa Dreamliner na 62 kwa A350. A330 ni viti 8 pekee, inakuwa 66.

Rudia hiyo. Ndege nyembamba zaidi kwa hiyo orodha ndiyo inampea kila msee nafasi kubwa zaidi. Ile ya kunona ndiyo imebana.

Kwa kiti chenyewe, tofauti ni inchi moja hivi. Kiti cha A330 kwa kawaida ni inchi 18, kama sentimita 46. Cha 777 yenye viti 10 ni inchi 17, sentimita 43. Unaweza kusema inchi moja ni nini sasa? Muulize mtu amewahi kukaa katikati ya wazee wawili wa mabega kwa matatu ya Rongai saa kumi na mbili jioni. Huko unavumilia saa moja na nusu.

Venye 777 ilijazwa

777 haikuanza hivyo. Ilipoingia kazini 1995, mashirika mengi yaliweka viti 9 kwa safu na watu walikaa fiti. Halafu polepole moja baada ya lingine likaongeza cha 10. Emirates ndio walikuwa na 10 tangu mwanzo. Ukuta haukusonga hata sentimita, viti ndivyo vilikonda, na njia ya kupita nayo ikakonda.

Sisi tulienda njia tofauti kabisa na hizi ndege. Mwaka 2004 marehemu John Michuki alisema nissan ibebe abiria 14 badala ya 18, kila mtu na mshipi wake, na nchi nzima ikanyamaza. Kwa ndege hakujatokea Michuki. Bunge la Marekani liliagiza mwaka 2018 idara yao ya usafiri wa anga, FAA, iweke kipimo cha chini cha kiti. Mwaka 2022 FAA ikaomba maoni ya wananchi, watu zaidi ya 26,000 wakaandika, na 2025 ikaisha bila kipimo chochote. Kenye sheria inadai ni kwamba watu wote waweze kutoka ndani ya sekunde 90, nusu ya milango ikiwa imefungwa. Airbus A380 ilifanyiwa huo mtihani Hamburg mwaka 2006: watu 873 walitoka kwa sekunde 78. Kwa hivyo kisheria hakuna mtu anajali kama magoti yako yameingia kwa kifua, bora tu uweze kukimbia.

Sababu ni ganji. Ukiwa na safu 30 za ekonomi na uongeze kiti kimoja kila safu, umeongeza abiria 30, na rubani ni yule yule, na mafuta yanapanda kidogo tu. Na tuseme ukweli, hiyo ndiyo inafanya tiketi za kupitia Gulf ziwe bei yenye unaweza kulipa. Ukitaka viti 9 kwa 777, mtu atalipia hicho cha 10 kilichotolewa, na huyo mtu ni wewe.

Mwaka 2013 Airbus walikuja na utafiti kutoka London Sleep Centre wakisema kiti cha inchi 18 kinaboresha usingizi kwa asilimia 53 ukilinganisha na cha 17. Wakataka kila kampuni ifuate. Ilisikika poa sana, mpaka ukumbuke ni Airbus wanauza ndege za inchi 18. Miaka miwili baadaye hao hao wakaonyesha A380 yenye viti 11 kwa safu, mtu wa katikati akiwa wa sita kutoka dirishani. Hawa wasee wote ni makanga, tofauti ni yunifomu.

Hata Dreamliner. Boeing waliichora wakiwa na mpango wa viti 8 kwa safu, na mpaka leo Japan Airlines wamebaki na 8. Karibu wengine wote, pamoja na KQ wetu, wameweka 9.

Sasa wewe na mbogi yako

Hapa ndipo mambo yanageuka, juu familia si abiria wa kawaida. Mtu akisafiri peke yake anafikiria kiti chake. Familia inafikiria viti vimepangwaje.

A330 imepangwa mbili upande huu, nne katikati, mbili upande ule. Familia ya wanne ikichukua hizo nne za katikati, imejifungia kwake. Mathe mwisho huu, mzae mwisho ule, watoi ndani, na kila mzazi ako na njia yake ya kutoka. Mtoi akitaka choo saa tisa usiku hakuna mgeni wa kuamshwa. Na kama ni mzazi mmoja na mtoi mmoja, zile mbili za dirishani ni zenu peke yenu.

777 ni tatu, nne, tatu. Hapo katikati pia kuna nne. Kwa hivyo usiiandike kabisa. Mtoi wa miaka minne hajazi inchi 17, na sehemu ya kuweka mikono huinuka, kwa hivyo hizo nne zinageuka kuwa benchi moja ndefu na watoi wanalala wakiwa wamejikunja kama paka. Tatizo ni ukiwa na wale wa sekondari, kijana wa miaka 16 ako na mabega ya mzae na njaa ya wanajeshi. Hapo 777 ni noma. Kuna siri moja: kwa 777-300ER nyingi, safu za mwisho kabisa nyuma zinabaki na viti viwili upande wa dirisha, juu ndege inaanza kukonda ikielekea mkia. Uko karibu na choo, chakula kinakufikia mwisho, lakini mko wawili tu.

Dreamliner ni tatu, tatu, tatu. Mathe na watoi wawili? Imetengenezewa nyinyi. Baba, mama na mtoi mmoja pia. Lakini mkiwa wanne, mmoja lazima avuke njia. Hiyo si mwisho wa dunia kama mzazi wa nne atakaa ng'ambo tu ya njia, safu hiyo hiyo, na mpeane zamu ya kulala kila saa nne. Inakuwa balaa ukiacha kompyuta iwachagulie, halafu mtoi wa miaka sita anajipata safu ya 31 na nyinyi mko 18. Mashirika mengi yanachaji kuchagua kiti mapema, na ndiyo maana Agosti 2024 idara ya uchukuzi ya Marekani ilipendekeza sheria ya kuzuia kuchaji mzazi ndiyo akae na mtoto wake. Mpaka sheria kama hiyo ikufikie huku, hesabu hiyo ada kama sehemu ya nauli. Tiketi ya bei ya chini ikiongezwa viti vinne kwenda na vinne kurudi wakati mwingine inapita ile uliyoikataa.

Kama una watoto wachanga wawili, jua hii: safu ya viti vitatu kawaida huwa na barakoa nne za oksijeni juu yake. Abiria watatu na mtoto mmoja wa mapajani. Mtoto wa pili wa mapajani hana barakoa hapo, kwa hivyo mtatenganishwa, na mhudumu hakuonei akikuambia usonge.

Mtoto wa chini ya miaka miwili kwa mashirika mengi hulipa kama asilimia 10 ya nauli na hana kiti. Watu wengi wanaingia mtego hapa. Mnaenda Novemba mtoi akiwa na mwaka mmoja na miezi kumi na moja, anafikisha miaka miwili mkiwa huko, na kurudi anahitaji kiti chake na nauli ya mtoto. Hiyo doh lipa mkiwa bado Nairobi, si kwa kaunta ya JFK huku foleni inakusonya.

Iten ama Nairobi?

Kuna kitu kingine hakionekani kwa picha za matangazo: hewa. Ndege ikiwa futi 38,000, ndani hawakupei hewa ya Mombasa. Wanaijaza mpaka kiwango fulani. Kwa ndege za kizazi cha 777 na A330, hewa inaweza kuwa kama ya mtu aliye futi 8,000, yaani mita 2,400 na kitu. Hiyo ni Iten. Kwa Dreamliner na A350 kiwango cha juu ni futi 6,000, mita 1,830 hivi. Hiyo ni Nairobi, karibu mita kwa mita.

Kwa msee wa Eldoret hii si stori. Lakini mchukue shosh wa Likoni, miaka 74, hajawahi kutoka usawa wa bahari, umpeleke Iten akae kwa kiti saa 14 bila kutembea. Atashuka na kichwa kinauma, amechoka, miguu imefura kama mandazi. Mwenye shida ya moyo ama mapafu aone daktari kabla hata hujalipa tiketi, ndege iwe gani.

Dreamliner inaweza kufanya hivyo juu mwili wake ni wa nyuzi za kaboni, hauchoki haraka na presha kama wa alumini, na hauogopi kutu, kwa hivyo wanaacha unyevu zaidi kwa hewa. Pua za watoi hazikauki sana. Madirisha pia ni makubwa na hayana kifuniko, unabonyeza kioo kinabadilika rangi. Watoi watabonyeza hiyo kitu mpaka wahudumu wafunge zote usiku.

Sasa unaona venye hii ligi haina bingwa mmoja. A330 inashinda kwa kiti na inapoteza kwa hewa. Dreamliner kinyume chake. 777 inapoteza pande zote mbili, lakini iko na viti vinne katikati na mara nyingi bei ya chini. A350 ndiyo ningechagua kama ningepewa zote bei moja: hewa ya Nairobi, na kiti kinachokaribia inchi 18, mradi usikutane na kampuni kama French bee ya Ufaransa iliyoweka 10 kwa safu. Na A380 ile ya ghorofa? Ni tulivu, ni pana, ekonomi ya chini ni viti 10 kwa mita 6.5, watoi wataipenda. Ila Airbus walipeana ya mwisho Desemba 2021, kwa Emirates, na safari ya kawaida ya Nairobi huja na 777. Ghorofa utaipanda ukifika Dubai.

Mambo ya nyumbani

Kuna ile kiburi ya kusema tunaruka na ndege yetu, na mimi niko nayo. Kulala usiku Embakasi na kuamka asubuhi New York bila kubeba watoi saa kumi alfajiri kwa uwanja wa watu wengine, hiyo ina thamani yake. Kwa familia yenye watoi wa chini ya miaka mitano, ningechukua safari moja ndefu ya viti vya inchi 17 na kidogo kabla ya safari mbili za viti vipana. Mtoi akishalala hutaki kumwamsha ati mnabadilisha ndege. Kwa wale wakubwa ni kinyume, kushuka na kutembea saa mbili kunawasaidia.

Lakini hebu tuangalie kenye tuko nacho. KQ walikuwa na 777. Zile 777-300ER zikakodishwa kwa Turkish Airlines wakati shirika linazama kwa madeni, na safari ndefu zote zikaachiwa Dreamliner tisa aina ya 787-8, kila moja na viti 234: 30 bizness na 204 ekonomi. Mwaka 2024 mambo yakanyooka, KQ wakatangaza faida ya bilioni 5.4, ya kwanza kwa miaka 11. Halafu nusu ya kwanza ya 2025, hasara ya zaidi ya bilioni 12. Sababu kubwa? Dreamliner tatu zilikuwa zimeegeshwa zikingoja injini na vipuri, juu dunia nzima inapigania hizo injini. Theluthi moja ya ndege ndefu chini, na watu bado wanataka kwenda Desemba.

Kwa familia, maana yake ni kwamba ile ndege uliyochagua viti inaweza kubadilishwa. Shirika likikosa ndege linahamisha ratiba ama linaazima nyingine, na mpangilio wako wa viti unapotea hapo hapo.

Jirani naye amefanya kitu wengi hatujagundua. Uganda Airlines iko na A330-800 mbili, na Mei 2025 walianza Entebbe mpaka London Gatwick. Viti 258: 20 vya bizness, 28 vya daraja la katikati, 210 vya ekonomi, nane kwa safu. RwandAir pia wanaenda London Heathrow na A330. Kwa familia ya wanne inayoenda Uingereza, hizo mbili zina mpangilio mzuri kuliko Dreamliner yetu, ukikubali kwanza kupanda kandege kadogo mpaka Entebbe ama Kigali. Ukiwa na shosh wa Likoni, rudi kwa ile hesabu ya Iten.

Boeing nao wanaahidi 777X, ukuta umechongwa ukawa mwembamba ndiyo viti 10 viingie kila kimoja inchi 18. Ilikuwa ifike 2020. Sasa wanasema 2027.

Kujua ndege yako si kazi. Ukitafuta tiketi, angalia karibu na namba ya safari kuna kodi ya herufi tatu: 788 ni Dreamliner ya aina ya KQ, 77W ni 777-300ER, 359 ni A350-900, 388 ni A380, 338 ni A330-800 ya Uganda. Iandike mahali. Halafu siku mbili tatu kabla ya safari fungua buking tena uangalie kama bado ni ile ile. Ikiwa imebadilika, piga simu siku hiyo, usingoje kaunta ya JKIA. Vile vitanda vidogo vya watoto wachanga vinavyofungwa kwa ukuta wa mbele vinakuanga vichache sana, na ndege ikibadilishwa vinagawanywa upya. Anayepiga simu kwanza ndiye mtoi wake atalala.